Waliotaka Sauti Wasimtake Mwenyewe

Wahenga wamesema kuwa chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni ya sokoni, na sokoni huenda ikawa kweli, kwani embe lililoiva hunukia lenyewe kabla ya mchuuzi kufungua kinywa. Ama katika biashara ya filamu ya Hollywood, methali hiyo ni uongo mtupu. Huko chema hakijiuzi. Huuzwa na wenye duka, kwa bei waitakayo wao na kwa mnunuzi wamtakaye wao, na wakipenda hukiacha rafuni mpaka kikajaa vumbi. Shahidi wa jambo hili ni Paul Winfield, mwigizaji Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Dallas, katika jimbo la Texas, tarehe 22 Mei 1939, na akafariki Los Angeles tarehe 7 Machi 2004, akiwa na umri wa miaka 64.

Tangu afariki, mwigizaji huyu husimuliwa kwa njia mbili, na zote mbili zamdhulumu. Njia ya kwanza huorodhesha filamu na tuzo zake, kisha hupita mlangoni kwake kimya kimya, kana kwamba mtu huyo hakuwa na nyumba wala mwenzi; hali ya kuwa aliishi takriban miaka 30 na mwanamume mmoja, mbunifu wa mandhari za maigizo, aliyetangulia kufariki mwaka 2002. Njia ya pili hulivamia jambo hilo moja na kulifanya ndiyo yeye mzima, hata kila uso aliouvaa mbele ya kamera ukageuzwa kuwa barakoa ya siri yake. Wa kwanza huchukua sauti na kumwacha mwenyewe. Wa pili huchukua siri na kuiacha kazi. Insafu haimo kwa yeyote kati yao. Haki ya Winfield ni kusomwa kama lisomwavyo shairi, vina na mizani pamoja na maana yake, si kukatwa vipande ili kila mtu apate mshororo unaompendeza.

Na kazi ndiyo ianze, kwa kuwa bila ya kazi hapana hoja. Winfield alilelewa na mama aliyekuwa mhamasishaji wa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo, na sehemu kubwa ya ujana wake ilipita Los Angeles, mji ule ule unaotengeneza filamu. Mwaka 1965 alionekana katika Perry Mason, tamthilia ya televisheni iliyohusu kesi za mahakamani. Kuanzia mwaka 1968 akawa mchumba wa mhusika mkuu katika Julia, tamthilia ambayo ndani yake Diahann Carroll aliigiza muuguzi mjane anayemlea mwanawe. Hiyo ilikuwa miongoni mwa kazi za mwanzo za televisheni ya Marekani kumweka mwanamke Mweusi katikati ya hadithi bila ya kumfanya mtumishi wa nyumba ya mtu.

Kisha ikaja Sounder, mwaka 1972, iliyoongozwa na Martin Ritt. Filamu hiyo yasimulia familia ya wakulima Weusi huko Louisiana, mwaka 1933, wanaolima ardhi isiyo yao na kugawana mavuno na mwenye shamba. Njaa inapowabana, baba huiba nyama ili wanawe wale, akakamatwa na kupelekwa kwenye kambi ya kazi ngumu. Winfield ndiye baba huyo, na Cicely Tyson ndiye mke. Aliyeiona filamu hiyo hasahau siku ya kurudi kwake: mtu mmoja aonekana kwa mbali njiani, achechemea, mbwa abweka, na mke atoka mbio kumlaki. Winfield hakumfanya baba yule kuwa mtakatifu wala mnyonge wa kuhurumiwa. Alimfanya mtu: mwenye aibu ya kushindwa kulisha, mwenye hasira, mwenye mzaha, na mwenye ujasiri wa kumwambia mwanawe aende shule ijapokuwa mguu wake yeye baba umeharibika na shamba lamhitaji kijana.

Kwa kazi hiyo Winfield aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Alikuwa mwanamume wa tatu tu miongoni mwa Wamarekani Weusi kufika hapo, baada ya Sidney Poitier na James Earl Jones. Tyson naye akateuliwa upande wa wanawake, ikawa mara ya kwanza kwa filamu moja kutoa wateule wawili Weusi katika nafasi kuu. Usiku wa tarehe 27 Machi 1973 tuzo ya wanaume ilitangazwa kuwa ya Marlon Brando, na Brando akaikataa kwa kupinga jinsi Hollywood ilivyowachora Wahindi Wekundu. Sanamu ya dhahabu ikabaki haina mwenyewe. Hapana kosa katika msimamo wa Brando. Lakini msomaji na aitazame picha hiyo vyema. Mzungu alikuwa na uwezo wa kuitupa heshima ile na kesho yake akapata kazi. Mweusi aliyeketi ukumbini na kuistahiki hakupata tuzo, wala hakupata kilichopaswa kuifuata, yaani nafasi nyingine za katikati.

Na hapo ndipo methali ya sokoni inapovunjika. Mtu aliyethibitisha akiwa na umri wa miaka 33 kwamba aweza kubeba filamu nzima begani, alitarajiwa kubebeshwa nyingine kumi. Alipewa Gordon's War mwaka 1973, na kwenye televisheni akapewa nafasi ya Martin Luther King katika King, mwaka 1978, iliyoonyeshwa kwa usiku tatu. Baada ya hapo, aghalabu alipewa vibwagizo. Beti wakapewa wengine. Akawa nahodha, akawa mkuu wa polisi, akawa jenerali, akawa jaji. Nafasi zote hizo ni za heshima kwa jina, lakini tazama zilivyomalizika. Katika Damnation Alley ya 1977 huliwa na mende. Katika filamu ya pili ya Star Trek, mwaka 1982, hujiua asije akamuua shujaa. Katika The Terminator ya 1984 huuawa kituoni pamoja na askari wake. Katika Mars Attacks! ya 1996 ni jenerali anayewapokea wageni wa Mirihi kwa heshima, nao wakamteketeza pale pale. Waandishi hawakumchukia, walimhitaji. Walihitaji sauti nzito na uso wa mtu mwenye hekima, ili kifo chake kiwape uchungu watazamaji, kisha hadithi iendelee na wenyewe.

Yuko atakayesema kwamba hayo ni matatizo ya rangi tu, na kwamba nyumba ya Winfield haikuhusika. Kwa kiasi kikubwa asema kweli. Wimbi la filamu za Weusi lililoinuka mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilikuwa limekwishakupwa kabla ya muongo ule kumalizika, na waigizaji wengi walioinuka nalo wakaachwa mchangani, wenye wake na wasio na wake. Ni kosa kudai kuwa mapenzi yake ndiyo yaliyomnyima nafasi. Lakini ni kosa kubwa zaidi kudai kuwa mapenzi hayo hayakuwa na gharama. Ukuta wa rangi ulijulikana na kila mtu, ulikuwa na watu waliougonga hadharani na vyama vilivyoupinga. Ukuta wa pili haukuwa na jina. Alipoingia kazini mwaka 1965, kanuni za maadili za Hollywood, zilizotumika kwa nguvu tangu 1934 hadi 1968, zilikuwa bado zasimama. Alipoigiza Sounder, sheria ya California ilikuwa yayahesabu mapenzi ya wanaume wawili kuwa jinai, hata ndani ya nyumba yao, mlango ukiwa umefungwa. Sheria hiyo haikuondoka mpaka mwaka 1976 ulipoanza. Mtu aliyeshangiliwa kwa kuigiza baba mwema wa kijijini aliwezekana kufungwa kwa sababu ya aliyekula naye chajio.

Wapo wanaomlaumu kwa kimya chake. Marafiki na wenzake walimjua, lakini hakupanda jukwaani kutangaza, na hilo wengine wamelifanya kuwa hatia. Methali yao ni kwamba mficha uchi hazai. Basi na watazame jinsi waliofichuliwa walivyotendewa. Bayard Rustin alikuwa mshauri wa King, mtu aliyeipanga hatua kwa hatua ile Safari ya Washington ya tarehe 28 Agosti 1963. Mwaka 1960 mbunge mmoja Mweusi, Adam Clayton Powell, alitishia kueneza uvumi wa uongo kuhusu Rustin na King, akitumia jambo lililokuwa likijulikana, kwamba Rustin alikuwa mtu wa mapenzi ya jinsia moja. Rustin alijiuzulu, na King akamwachia aende. Hivyo ndivyo harakati ya haki yenyewe ilivyomtendea mtumishi wake bora. Ikiwa uwanja wa wapigania uhuru ulikuwa hivyo, seuze uwanja wa wauza tiketi!

Miaka 18 baada ya hapo, Winfield akiwa na umri wa miaka 38, alikivaa kivuli cha King mbele ya taifa zima, na King mwenyewe aliuawa akiwa na miaka 39. Taifa likakaa usiku tatu kuisikiliza sauti ya kiongozi wake ikitoka kifuani mwa mtu ambaye angeweza kukataliwa kama alivyokataliwa Rustin. Anayetaka kumwita Winfield mwoga na aeleze kwanza ni nani aliyemwekea ujasiri bei kubwa kiasi hicho. Lawama ya kimya haimwangukii aliyenyamaza. Yamwangukia aliyekaa mlangoni na rungu.

Wapo pia wa upande wa pili, ambao kauli yao ni laini zaidi na kwa hiyo ni ya kuhadhari zaidi. Hao husema kwamba kazi ni kazi na nyumba ni nyumba, na kwamba maisha ya msanii ni siri yake. Kanuni hiyo ingekuwa njema lau ingetumika kwa wote. Lakini Hollywood haikupata kuificha harusi ya mwigizaji hata siku moja. Ndoa za nyota wake ziliuzwa magazetini, talaka zao zikauzwa, na watoto wao wakapigwa picha wangali wachanga. Mke wa mwigizaji alikuwa sehemu ya tangazo la filamu. Kumbe basi, siri haikuwa kanuni ya ustaarabu. Ilikuwa adhabu waliyopewa baadhi ya watu, kisha ikapambwa kwa jina la adabu.

Tena, kazi yenyewe haikubali kutengwa hivyo. Mwaka 1984, katika Mike's Murder, Winfield aliigiza mtu wa biashara ya muziki aliyependa wanaume, wakati ambapo nafasi kama hiyo haikumwongezea mwigizaji soko. Mwaka 1985 televisheni ya Marekani ilionyesha filamu iliyotokana na riwaya ya James Baldwin ya mwaka 1953, Go Tell It on the Mountain. Baldwin naye alikuwa mtu wa mapenzi ya jinsia moja, na hakuficha. Winfield akapewa nafasi ya Gabriel, baba wa kambo na mhubiri, mtu anayeitumia dini kama fimbo kwa mtoto asiyemwelewa. Ingekuwa rahisi kulipiza kisasi na kumfanya Gabriel dubwana. Winfield hakufanya hivyo. Alionyesha jinsi mtu mwenye dhambi yake mwenyewe anavyogeuka hakimu wa wengine, na jinsi hukumu hiyo inavyomla yeye kwanza. Kuisifu kazi hiyo na kusema kuwa mwigizaji hakuleta chochote kutoka nyumbani kwake ni sawa na kusifu maji na kukikana kisima.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni White Dog, ya mwongozaji Samuel Fuller. Hadithi yake ni ya mbwa aliyefundishwa na Wazungu kuwashambulia watu Weusi, na ya mfunzaji Mweusi, aitwaye Keys, ajaribuye kuing'oa chuki hiyo ndani ya mnyama. Keys ni Winfield. Hapa hakupewa kibwagizo. Alipewa moyo wa hadithi, na akaubeba kwa utulivu utishao: kila siku huifunua ngozi yake mbele ya meno ya mbwa, kwa imani kwamba kilichofundishwa chaweza kufunduliwa. Filamu ilikamilika, ikaonyeshwa Ufaransa mwaka 1982, lakini Paramount wakaogopa mabishano na wakaizuia isiingie katika majumba ya sinema ya Marekani. Haikufika huko mpaka mwaka 1991. Kwa hiyo kazi ambayo ingeweza kumrudisha katikati ilifungiwa kabatini kwa takriban miaka tisa. Baada ya hayo, aje mtu aseme kuwa chema chajiuza!

Mwaka ule ule wa 1991 Winfield alipata nafasi ambayo wapenzi wa ushairi wa pwani wangeielewa upesi kuliko Wamarekani wenyewe. Katika sehemu moja ya Star Trek: The Next Generation, iitwayo Darmok, aliigiza nahodha wa taifa la mbali ambalo lugha yake yote ni mafumbo. Watu wake hawasemi jambo kwa jina lake. Hutaja kisa cha kale, na aliyekijua kisa hujua maana. Mitambo ya kufasiri yatafsiri kila neno na bado haiambui kitu, kwani maneno yameeleweka na fumbo limebaki limefungwa. Nahodha huyo ajifunga porini pamoja na nahodha wa kigeni, wapigane na mnyama mmoja bega kwa bega, ili hatari iwape kisa cha pamoja. Yeye ajeruhiwa. Usiku, kando ya moto, akikaribia kufa, amsikiliza mgeni wake akimsimulia utendi wa kale wa Gilgamesh na sahibu yake Enkidu, wanaume wawili ambao mauti ya mmoja yalimvunja mwingine.

Uso wa Winfield katika kazi hiyo haukuonekana. Ulifunikwa kwa ngozi ya bandia tangu utosini hadi shingoni. Ilibaki sauti na macho, na kwa hizo mbili alimfanya mtazamaji alie kwa ajili ya kiumbe asiyezungumza hata sentensi moja ya kawaida. Hollywood ilimficha uso, ikampa mafumbo, ikamuua mwisho wa saa, na bado akashinda. Kisha ikaendelea kumtumia hivyo hivyo. Mwaka 1995 alipata tuzo ya Emmy kwa nafasi ya jaji aliyepita kama mgeni tu katika Picket Fences, na kuanzia mwaka 1998 akawa msimulizi wa City Confidential, mfululizo wa visa vya mauaji, ambapo mwili haukuhitajika kabisa. Mambo yalikuwa yamefika ukomo wake: sauti peke yake, mwenyewe haonekani.

Huenda msomaji akasema kuwa imani yake haimruhusu kuyaridhia maisha ya mtu huyu. Hilo ni lake, na hapa hapatolewi fatwa. Lakini insafu nayo ni sehemu ya imani, na haiwi kuyala maembe ya mtu kila msimu na kuutukana mwembe wake. Aliyeburudika kwa sauti ya Winfield, akalia naye katika Sounder, akamwamini alipokuwa King, amekwisha kuingia nyumbani kwake. Kutoka humo na kudai kuwa haijui nyumba ni utovu wa adabu kabla ya kuwa jambo jingine lolote.

Mwanzoni mwa mwaka 2003 ilionyeshwa filamu mpya ya Sounder kwenye televisheni. Aliyeiongoza ni Kevin Hooks, yule yule aliyekuwa mtoto katika filamu ya 1972. Naye akamwita aliyekuwa baba yake, safari hii awe mwalimu. Mwezi Juni mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta sheria ya Texas, jimbo alikozaliwa Winfield, iliyowahesabu watu kama yeye kuwa wahalifu. Mwenzi wake hakuwahi kuiona siku hiyo. Winfield aliiona, na miezi minane hivi baadaye moyo wake ukasimama. Wamezikwa pamoja katika makaburi ya Forest Lawn, kwenye vilima vya Hollywood. Kaburi lilisema waziwazi jambo ambalo matangazo ya filamu hayakuwahi kulisema.

Mwaka 2024 Colman Domingo, Mmarekani Mweusi anayeishi na mumewe bila ya kujificha, aliteuliwa kuwania ile ile Oscar ya mwigizaji bora, kwa kumwigiza nani? Bayard Rustin. Wako watakaosema kuwa jeraha limekwisha kupona. Lakini kati ya uteuzi wa Winfield na huo ipo miaka 51, na mwenye kovu usidhani kapoa. Miaka hiyo 51 haikupotea yenyewe. Ilichukuliwa, na waliyoichukua walikuwa na majina, ofisi na vitabu vya hesabu.

Basi wanaomwandikia Winfield na waache kuchagua kipande. Na waseme kwamba alikuwa mmoja wa waigizaji wakubwa wa zama zake. Kwamba alikuwa Mweusi, na kwa hilo alipunguziwa. Kwamba alimpenda mwanamume mmoja kwa takriban miaka 30, na kwa hilo alilazimishwa kunyamaza. Na kwamba yote hayo alikuwa mtu mmoja. Sentensi hiyo si ndefu. Asiyeweza kuitamka yote na aache pia kuisifu sauti.